Umaskini wa Mzee Laban

Laban Luseno aliwahi kuwaombea watu kumi na saba mbele ya naibu wa chifu, na kati yao ni wawili tu waliorudi mikono mitupu. Hakuwa wakili, wala hakuwa na cheo chochote pale mtaani Mowlem. Alikuwa na sauti. Mjane akitaka barua ya kusafirishia maiti, kijana akikwama kupata kitambulisho, mama akimtafutia mwanawe karo ya serikali, walibisha nyumba namba sita asubuhi kabla mzee hajamaliza chai, wakasema, "Baba Kate, leo tunakuomba mdomo." Naye huvaa koti lake la kijivu, akafuta viatu ambavyo tayari vinang'aa, akatoka.

Mdomo huo aliupatia getini. Alipotoka Vihiga, kijana wa darasa la saba, alipanga chumba Mukuru kwa Reuben miaka tisa, na kila asubuhi alisimama nje ya kiwanda cha blanketi na vibarua wengine mia mbili wakingoja msimamizi achague sitini. Wengi walisukumana. Laban aliangalia. Aligundua kwamba msimamizi hakuwa na moyo wa jiwe, ila alikuwa amechoka. Neno "shida" lilimpita sikioni kama honi ya lori. Lakini ukimwambia kwamba mke wa huyu jamaa amejifungua jana na mtoto amefungwa kwa gazeti, anageuka. Basi Laban akawa anasema, kwanza kwa ajili yake, baadaye kwa ajili ya wengine, na wale aliowasemea waliingia kazini. Alidumu kiwandani humo miaka thelathini na mmoja, mingi yake akiwa kibarua tu, na siku kilipofungwa alipewa saa ya ukutani na mkono wa meneja.

"Usiseme mtu ana njaa," aliwafundisha waliomfuata njiani kwenda ofisini. "Njaa kila mtu anayo. Sema jana alikula nini, na aliyekula naye alibaki na nini."

Kuhusu njaa yake mwenyewe hakusema. Kanisani alikuwa mkaribishaji, yule anayesimama mlangoni na kukuonyesha kiti. Kwenye matanga alitangulia kutoa mchango, hata kama siku hiyo yeye na mkewe Triza wangelalia uji. Triza alimpigia shati pasi ya makaa kila Jumapili na kila siku ya ofisi. Watu wa ploti, wapangaji wa ua mmoja, walimtazama akipita, wakajisikia kwamba nao wana mtu.

Mtu mmoja tu katika ploti hakumtazama hivyo. Wavinya, mama wa nyumba namba saba, mlango kwa mlango na Laban, alifua nguo za watu mitaa ya Umoja na kulea watoto wawili peke yake. Mwaka uliotangulia aliomba mdomo wa Laban ili watoto wapate karo. Laban alisimama mbele ya watu mia na kitu uwanjani na kusema: "Huyu mama ana watoto wawili na jozi moja ya viatu. Mumo huvaa asubuhi, akirudi saa saba anavua, mdogo wake anavaa bado vina joto. Waheshimiwa, vile viatu havijawahi kupoa." Watu walicheka kwanza, halafu wakanyamaza, halafu mwanamke mmoja akafuta macho. Wavinya alipata karo ya watoto wote wawili.

Alipata na jingine pia. Shuleni Mumo aliitwa Joto. Wasichana wenzake waliugusa mguu wake wakipita na kusema, "Bado," wakakimbia. Msichana alivumilia wiki tano, kisha akakataa kwenda shule, na mamake akampeleka kwa bibi yake Machakos, ambako hakuna karo ya serikali iliyomfuata. Laban hakulijua hili vizuri, au alilijua kama unavyojua habari za mji mwingine. Alichokumbuka ni kwamba Wavinya hakuja kusema asante. "Shukrani ya punda ni mateke," alimwambia Triza, na Triza, ambaye kuta za ploti zilimpa habari nyingi kuliko mumewe, akaendelea kupiga pasi.

Halafu mguu wa Triza ukaoza.

Ulianza na kidole gumba, jiwe dogo ndani ya ndara. Kwa mtu mwenye sukari jiwe dogo si dogo. Kufikia Machi kidole kilikuwa cheusi na kidonda kimepanda hadi katikati ya wayo. Daktari wa zahanati alikibonyeza, akanusa glavu zake, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa.

"Wakikisafisha mwezi huu, mguu utabaki," alisema. "Mkingoja, kitu watakachowauliza ni wakatie wapi."

Bima yao ilikatika kiwanda kilipofungwa. Kate, binti yao wa pekee, alikuwa Kitale na mume asiye na kazi, na alipopigiwa simu alilia mpaka salio la baba yake likaisha. Njia iliyobaki ilikuwa orodha ya wasiojiweza: serikali ingewalipia bima maskini wa kila mtaa, na ofisi ya naibu wa chifu ndiyo ingewatambua. Kuna nchi ambako maskini hujaza fomu, akatia sahihi, yakaisha. Hapa umaskini ni lazima uwe na mashahidi, kama ndoa. Kwanza makarani huja kuona nyumba, kisha jina lako linasomwa kwenye baraza, unasimama, na majirani wanaulizwa.

Phelister, mama aliyesimamia kundi la nyumba kumi, ndiye aliyeliandika jina la Laban. Ni yeye aliyekuwa jicho la chifu katika ploti zile, bila mshahara, kwa koti la kung'aa na simu isiyolala. Aliwajua Laban na mkewe miaka kumi na minane.

"Baba Kate, nakuambia kama dada," alisema. "Wanakuja Jumatatu. Waache wakute nyumba kama ilivyo. Mficha uchi hazai."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Hata koti usivae."

"Nikae kifua wazi mbele ya wageni?"

"Kaa kama mtu mwenye njaa."

"Mwenye njaa hukaaje?" Laban aliuliza, na Phelister alimtazama sana usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Jumapili, baada ya kanisa, Triza aliketi kitandani, mguu juu ya stuli, akahesabu kilichomo ndani ya nyumba. Unga wa siku mbili. Sukuma wiki. Majani ya chai, sukari hakuna.

"Watu wa serikali waingie kwangu, watoke na midomo mikavu?" alisema. "Haijawahi kutokea tangu unilete hapa."

"Phelister amesema wakute tulivyo."

"Ndivyo tulivyo. Sisi ni watu wa kukaribisha."

"Mama Kate, wanakuja kuona kama sisi ni maskini."

"Maskini nitakuwa Alhamisi, kwenye baraza. Jumatatu nina wageni."

Mtu mwingine angebisha. Lakini Laban alizaliwa katika nyumba ambako mgeni aliyeondoka bila kuona kuku aliondoka akiwa ametukanwa. Aliishusha saa ya ukutani, akaifunga kwa gazeti, akaenda nayo mpaka soko la Burma, ambako muuza kuku mmoja aliwahi kuisifu.

"Inatembea?" muuza kuku aliuliza.

"Haijawahi kuchelewa kazini."

Alirudi na jogoo.

Ukuta kati ya namba sita na namba saba ni mbao na rangi. Laban, akimnyonyoa jogoo, alimsikia mkewe akibisha kwa jirani na kuomba vikombe vizuri, chupa ya chai, na viti viwili.

"Mna wageni gani?" Ilikuwa sauti ya Wavinya.

"Wa serikali. Ile orodha ya hospitali."

"Wanaokuja kuona nyumba?"

"Ndio hao."

"Na unawapikia nini, Mama Kate?"

"Baba Kate amepata kuku."

Laban akaacha kunyonyoa. Kisha Wavinya akasema kwa upole, "Chukua na kitambaa cha meza. Kile cheupe. Wageni wa serikali si wa kula juu ya mbao tupu." Akachukua na sukari nusu kikombe akampa.

Makarani walifika saa nne. Nzau alikuwa kijana mnene mwenye kishikwambi, aliyekuwa ametembelea nyumba kumi na moja bila kupewa hata maji. Mwenzake, Nthenya, alibeba fomu. Laban aliwapokea mlangoni akiwa na koti. Aliwaonyesha viti kwa mkono wazi, kama kanisani. Sakafu ilikuwa imesuguliwa. Triza alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, na kitambaa cheupe kiliteremka mpaka chini kikafunika mguu. Kidonda alikuwa amekifunga upya na kukipaka mafuta ya karafuu juu ya kitambaa, ili harufu isiwaharibie wageni chakula.

Laban alimgawia Nzau firigisi. "Kwetu hii haipewi mtu hivi hivi," alisema. "Hii ni ya mkubwa."

"Mzee, mimi ni karani tu."

"Leo wewe ni serikali. Kula."

Nzau alikula, na akiwa na mfupa mkononi akaanza kuuliza. Maswali yalikuwa yameandikwa na mtu wa mbali.

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Mungu hajatuacha," Laban alisema.

"Hajawaacha mara ngapi, mzee? Hapa inataka namba."

Nthenya alicheka. Triza naye alicheka, akafunika mdomo kwa leso. Laban alimtazama mkewe akicheka, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu Januari, na hakutaka kulikatiza.

"Wewe andika tunakula," alisema.

Nzau aliandika tatu. "Kuna mgonjwa?"

"Kuna kidonda kidogo mguuni," Triza alisema. "Ongeza supu, baba."

Nzau akaandika: kidogo. Walipoondoka, wote wawili walimshika Triza mkono kwa mikono miwili, na Nthenya alimwambia kwamba nyumba yake imemkumbusha ya mamake. Triza alilala mchana ule kama mtu aliyemaliza kazi kubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.

Alhamisi baraza lilifanyika uwanjani mbele ya ofisi, chini ya turubai, viti vya plastiki mbele na watu wamesimama nyuma. Naibu wa chifu, Madam Mbeti, alikuwa mwanamke mkavu, mwenye haraka, asiye mwizi. Hilo la mwisho watu walikubali hata walipomchukia.

"Nina nafasi arobaini," alisema. "Majina yako tisini na mbili. Msinipotezee wakati na msidanganye. Wazee wa nyumba kumi hawatatoa ushahidi leo, kwa sababu mara ile mnakumbuka kulikuwa na maneno ya upendeleo."

Watu waliguna. Phelister, aliyekuwa ameketi pembeni na koti lake la kung'aa, aliinamisha kichwa.

Walisimama mmoja mmoja. Mwanamume mmoja alivua shati kuonyesha mgongo. Bibi mmoja aliulizwa kama ana watoto, akasema hana, na umati ukamjibu kwa pamoja kwamba anaye, na ana pikipiki. Bibi akaketi. Saa sita kasorobo likasomwa jina la Laban Luseno.

Alisimama. Koti, shati jeupe lenye mikunjo ya pasi, viatu. Kulikuwa na sauti ya furaha katika umati, kama mchezaji anayejulikana anapoingia uwanjani.

"Mzee leo umemletea nani?" mtu aliuliza, na watu wakacheka.

"Nimejileta mwenyewe," Laban alisema.

Nzau alisoma kutoka kwenye kishikwambi. Nyumba safi. Wanakula mara tatu. Mgonjwa, kidonda kidogo. Alisita, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, lakini iliyobaki ilikuwa imeandikwa na Madam alikuwa akitazama juu ya bega lake. "Wageni walipewa kuku," alisoma.

Kicheko kilipanda mpaka kwenye turubai.

"Kuku wa kienyeji ama wa gredi?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Kimya," Madam Mbeti alisema, ingawa midomo yake mwenyewe ilikuwa haijatulia. "Majirani. Mnamjua huyu mzee?"

Wa kwanza kuinuka alikuwa Shiundu, fundi wa vitanda, ambaye mamake alizikwa kwa barua iliyoombwa na Laban. Alivua kofia. "Madam, mimi namheshimu huyu mzee kama baba yangu. Hajawahi kuomba mtu kitu. Kwenye matanga yeye ndiye wa kwanza. Huyu si mtu wa kusimamishwa hapa. Tunamvunjia heshima." Watu walipiga makofi.

Jecinta wa kwaya alisema hajawahi kumwona Mzee Laban akiwa na shati chafu. Mwingine alisema ploti nzima ingekuwa kama nyumba yake, Mowlem ingekuwa Karen, kwa matajiri. Waliinuka kwa zamu, waliookolewa wote, kila mmoja akiwa na jambo zuri alilolitunza kwa muda mrefu na hakuwahi kupata siku ya kulisema. Walidhani hivyo ndivyo mtu husemewa. Kumwita mzee maskini mbele ya uso wake, mbele ya watu, ilikuwa tusi ambalo hakuna aliyemtakia. Laban aliwasikiliza akiwa amesimama wima. Sehemu moja ya moyo wake, na hii ndiyo iliyomtesa baadaye, ilifurahi.

Phelister alishindwa kuvumilia. "Madam, hawa watu wanalala njaa."

"Phelister, nimesema wazee wa nyumba kumi wanyamaze." Madam Mbeti alimgeukia Laban. "Mzee, unasikia wanavyosema. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Watu walisogea mbele. Walikuwa wanangoja hotuba.

Laban alisafisha koo. Alijua jinsi ya kufanya. Usiseme njaa, sema kitu kimoja. Kitu chenyewe kilikuwepo, cheusi, chenye harufu ya karafuu. Alifungua mdomo kusema kidole cha mkewe, na akamwona akilini Triza akicheka na leso mdomoni, na hakuweza kumvua nguo mbele ya watu mia mbili. Mdomo, ukiwa umekwisha kufunguka, ukatafuta kitu kingine.

"Waheshimiwa," alisema, "katika nyumba yetu kuna sufuria ambayo imesahau rangi ya nyama."

"Hiyo ni ya marehemu mama!" Shiundu alisema kwa shangwe. Kweli, ndivyo Laban alivyosema kumhusu mamake Shiundu, miaka mitatu nyuma.

"Tumelala tukihesabu mabati."

"Hiyo ni ya kina Jecinta," sauti nyingine ilisema, na watu wakacheka kwa upendo mkubwa. Walizijua zote. Kila neno alilogusa lilikuwa na mwenyewe. Laban alisikia jasho likishuka ndani ya koti, akaongeza sauti, na kadiri alivyoongeza ndivyo hotuba ilivyokuwa nzuri, na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo walivyopiga makofi. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele.

Madam Mbeti aliinua kalamu. "Mzee, unaongea vizuri. Mimi nataka ukweli. Jirani wa karibu kabisa ni nani? Mlango kwa mlango."

Watu wakageuka, na Wavinya akasogea mbele. Alikuwa ametoka kazini, mikono bado imekunjamana kwa maji ya sabuni.

"Wewe unaishi ukuta mmoja naye," Madam alisema. "Huyu mzee ana shida ama hana?"

Laban alimtazama. Ukuta ule ulikuwa wa mbao. Wavinya alikuwa amesikia kila usiku wa uji, kila kilio cha Triza alipobadilisha kitambaa. Mara mbili alikuwa amempata Laban akiokota nyanya zilizotupwa nyuma ya soko, na mara zote mbili alikuwa amegeuza uso. Neno lake moja lilitosha. Laban aliliomba kwa macho, waziwazi, bila hotuba yoyote.

Wavinya alipiga goti kidogo, kama desturi inavyotaka mbele ya mkubwa.

"Mzee Laban?" alisema. "Huyo ni mtu mkubwa kwetu. Hakosi kitu. Jumatatu harufu ya kuku ilinifikia mpaka kitandani. Kama huyu ni maskini, Madam, basi sisi wengine tumekufa."

Kalamu ikapita juu ya jina. Nzau akaita linalofuata.

Laban alimkuta Wavinya kwenye bomba la nje akinawa uso. Alisimama karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu lile geti la kiwanda hakujua aanzie wapi.

"Mama Mumo, umeniua."

"Nimekuheshimu," Wavinya alisema, bila kugeuka. "Kila mtu alisikia. Hakuna mtoto atakayekushika mguu njiani. Wewe ulipopewa nafasi ya kunisemea, uliniheshimu?"

"Ulipata karo."

"Na wewe umepata makofi." Alifunga bomba, akashika njia ya Umoja, kwani alikuwa ameacha nguo za watu ndani ya maji.

Laban alizunguka mpaka saa tisa. Alirudi ofisini, akaambiwa orodha imekwisha kutumwa na awamu nyingine ni baada ya miaka miwili. Alipofika nyumbani Triza alikuwa amekaa kizingitini, uso umeoshwa.

"Tumepita?"

Alikuwa na nia ya kusema hapana. Aliliona hata umbo la neno lenyewe.

"Tumepita," alisema.

"Asante, Yesu. Niende lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo."

"Nitafikaje huko na mguu huu?"

"Watatuma gari. Saa tatu." Uongo wa kwanza ulimtoka kwa shida, wa pili ulikuja na kiti chake.

Triza aliwaambia watu. Aliwaambia akiwa ameketi juani, mmoja baada ya mwingine, nao walikuwa wote uwanjani, walikuwa wameiona kalamu. Shiundu alisema, "Hongera, Mama Kate," akaingia kwake haraka. Jecinta alimletea sabuni ya kuogea hospitalini. Nani angemwambia mwanamke kwamba mumewe, mtu wa heshima namna ile, amemdanganya? Phelister alikuja, akamwona Triza alivyong'aa, akanywa chai ya rangi, akatoka. Alimkuta Laban nje.

"Utamwambia lini?"

"Natafuta namna ya kusema."

"Wewe?" Phelister alisema. "Wewe ndiye unatafuta namna ya kusema?"

Siku nane zilipita hivyo. Weusi ulipanda mpaka kifundoni na Triza hakulalamika, maana hospitali ilikuwa karibu. Alifunga begi: gauni la kulalia, Biblia, kikombe, sabuni ya Jecinta. Ijumaa aliamka mapema, akamwomba Laban amtolee kiti nje. Wavinya alikuwa akianika nguo. Triza alimwita amfunge leso kichwani, kwa sababu mikono yake ilitetemeka kwa homa. Wavinya alifuta mikono, akamfunga polepole, akalinganisha ncha, akamtazama Laban juu ya kichwa cha mkewe. Kisha akarudi kwenye kamba yake na kuanika mashuka mpaka ua wote ukajaa.

Saa tatu ilifika. Laban alisimama kwenye geti la ploti na koti lake, akitazama barabara kama mtu anayengoja kweli. Lori la maji lilipita. Kila mlango wa ploti ulikuwa wazi kidogo, na hakuna aliyetoka. Saa nne. Saa nne na nusu Triza alimwita.

"Laban." Hakuwa amemwita kwa jina tangu Kate azaliwe. "Ulisema nini pale uwanjani?"

Alikuja, akasimama mbele yake. Akasafisha koo. Mkono wa kulia ukatoka mfukoni wenyewe, ukafunguka.

"Mama Kate, katika maisha ya mwanadamu kuna—"

"Usinihutubie."

Akaurudisha mkono mfukoni.

"Keti."

Aliketi chini, kwenye saruji, na koti lake.

"Sasa sema."

Alijaribu. Midomo ilisogea. Triza alingoja, kwa subira ile ile aliyompigia mashati, akiusoma uso wake, na alipomaliza kuusoma alitazama kando, kule mashuka yalikokuwa.

"Haya," alisema. "Niletee beseni na maji ya chumvi."

Alileta. Alitaka kumshikia mguu, naye akamwondoa mkono. Alifungua kidonda mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kimeshika nyama pande zote, na hakukilowesha kwanza. Alikivuta.